Vidonge, mazoezi ya kukabili hofu, au vyote viwili: kumchagulia tiba mgonjwa wa OCD ukiwa Mbeya au Iringa

Mwezi wa saba kule Uyole maji ya alfajiri yanauma mpaka kwenye mfupa. Watu hunawa harakaharaka na kuficha mikono kwapani. Mdogo wangu alikuwa ananawa kwa maji hayo kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja asubuhi: ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ngozi ya vidole imepasuka na damu inatoka, na bado anasema, "Kaka, niongezee kidogo, sijatakata." Nilimwongezea. Mwaka mzima nilimwongezea, nikiamini ninamsaidia.

Ninamwandikia mtu aliyepo sasa hivi pale nilipokuwa mimi. Ana mgonjwa wa OCD ndani ya nyumba, yaani ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania kichwani na matendo ya kurudiarudia. Mmoja amemwambia ampeleke kwenye maombi, mwingine amtafutie vidonge, mwingine amtafutie mtu wa kuzungumza naye, na jirani anasema amwache tu, akikua ataacha. Nitazipanga njia hizo sambamba, na kipimo changu kitakuwa kimoja: je, njia hii inampa mgonjwa nafuu ya leo inayomrudisha kwenye ndoo kesho, au inamfundisha kukaa na shaka bila kuitii?

Mgonjwa ana nini hasa

OCD ina sehemu mbili zinazolishana. Ya kwanza ni wazo au picha inayoingia kichwani bila hodi na kukataa kutoka: mikono yangu ina uchafu utakaomuua mama, kufuli halijashika, nimemtukana Mungu moyoni, nitamchoma mwanangu kisu. Mwenyewe halitaki wazo hilo. Linamtisha na kumtia aibu. Ya pili ni tendo analolifanya ili hofu ipoe: kunawa, kurudi kukagua, kuhesabu, kuanza sala upya kwa sababu neno moja halikutamkwa sawasawa, kuwauliza watu swali lilelile. Wengine hufuta wazo baya kwa kuwaza jema kimyakimya, na hawa huumwa miaka bila mtu kujua. Tendo likishafanyika, hofu inashuka. Baada ya dakika chache shaka inarudi, na ubongo umeshajifunza kwamba dawa yake ni tendo lile.

Mpaka kati ya uangalifu na ugonjwa unawachanganya wengi, hasa huku kwetu kwenye baridi. Jiko la mkaa likilala ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa. Kwa hiyo mama anayelitoa jiko nje kabla ya kulala ana busara. Akirudi kitandani, akaamka kuhakikisha liko nje, akaamka tena, akafika mara ya kumi na tano huku akijua kabisa kwamba liko nje kwa kuwa alilibeba kwa mikono yake, huo si uangalifu tena. Wataalamu huangalia muda na madhara: mambo hayo yakila zaidi ya saa moja kwa siku, au yakivuruga kazi, masomo au ndoa, tiba inahitajika. Na si ugonjwa wa watu wachache kama tunavyodhani. Katika kila watu 100, mmoja hadi watatu hupatwa nao wakati fulani maishani.

Niseme na hili, maana lilimliza mama yangu: OCD si kichaa. Wagonjwa wengi wanajua kwamba hofu yao imepita kiasi, na wanajua kwamba mawazo hayo yanatoka vichwani mwao wenyewe. Ndiyo sababu wanayaficha.

Chanzo: kila maelezo yanakupeleka kwenye mlango wake

Nyumbani kwetu maelezo ya kwanza yalikuwa uchawi. Mbeya neno ndagu, yaani uchawi wa kutafuta utajiri, halikai mbali na mazungumzo ya ugonjwa usioeleweka, na shangazi alisema binti ametolewa kafara na mtu anayetafuta mali. Simlaumu, alikuwa anatafuta sababu ya jambo lisilo na sababu machoni pake. Lakini maelezo hayo yalitupeleka kumtafuta mhusika. Tulimnunia jirani kwa miezi, na ndoo ziliongezeka kutoka mbili hadi tatu.

Maelezo ya pili yalikuwa malezi. Mama alijilaumu: "Nilimfokea sana kuhusu usafi alipokuwa mdogo." Hakuna ushahidi kwamba kumfokea mtoto kuhusu mikono michafu kunaleta OCD. Familia haiuanzishi ugonjwa huu, ingawa inaweza kuulisha ukaota mizizi, na hilo nitalirudia kwa kirefu.

Maelezo ya tatu ni damu. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye OCD ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuupata kuliko mtu mwingine, hasa kama wa ndugu yake ulianza utotoni. Hata hivyo ndugu wengi wa wagonjwa hawaupati kabisa. Tulipoanza kuulizana vizuri, tukakumbuka kwamba babu wa Tukuyu alikuwa akirudi shambani usiku kuhesabu upya mikungu ya ndizi, na watu wakamwita bahili.

Ya nne ni jinsi ubongo unavyofanya kazi. Kuna njia ya mawasiliano inayounganisha sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo juu ya macho, na sehemu za ndani zinazoamua kipi kiendelee na kipi kisimame. Kwa mwenye OCD njia hiyo inafanya kazi kupita kiasi. Ni kama taa ya tahadhari kwenye dashibodi ya Noah inayoendelea kuwaka wakati fundi ameshakagua na gari ni zima. Dereva anaona injini iko sawa, lakini taa haizimiki, naye hawezi kuipuuza. Kemikali iitwayo serotonini inahusika kwa namna fulani, kwa kuwa dawa zinazoigusa ndizo zinazosaidia.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi huanza kati ya utoto na miaka ya ishirini na kitu, na mara nyingine huibuka au kuzidi wakati wa shinikizo: msiba, mitihani, mimba, kujifungua. Mdogo wangu alianza akiwa kidato cha nne.

Katika yote niliyojifunza, hili ndilo lililonigeuza kichwa. Mwaka 1992 watafiti wa Los Angeles walipiga picha za ubongo za wagonjwa wa OCD kabla na baada ya tiba. Wengine walikuwa wamemeza fluoksetini, wengine walifanya mazoezi ya kukabili hofu bila kidonge hata kimoja. Kwa waliopata nafuu, sehemu ileile ya ndani ya ubongo ilikuwa imetulia, kwa njia zote mbili. Basi yule anayesema "huu ni ugonjwa wa ubongo, mazungumzo hayawezi kuutibu" amekosea, na anayesema "hili ni jambo la akili, vidonge vya nini" naye amekosea.

Mazoezi na vidonge

Mazoezi ninayoyasema si ushauri nasaha wa kawaida. Mgonjwa anakaribia kwa makusudi kitu anachokiogopa, kisha anajizuia kufanya tendo lake, anakaa na hofu hadi ipungue yenyewe, au hadi agundue kwamba anaweza kuendelea na shughuli zake hata kama haijaisha. Mwaka 1966 Victor Meyer, mwanasaikolojia wa London, aliandika habari za wagonjwa wawili aliowatibu kwa njia hiyo, wakati ambapo ugonjwa huu ulionekana hauna tiba. Mengi yanayofanyika leo yametokana na kazi ile.

Kwa mdogo wangu mwanasaikolojia alianza kwa kuchora ngazi. Kila kidato kilipewa namba kati ya 0 na 100 kulingana na hofu anayoihisi. Kitasa cha mlango wa chumbani: 20. Noti ya elfu moja iliyochakaa kutoka soko la Mwanjelwa: 40. Chuma cha kushikia ndani ya daladala iliyojaa: 60. Kitasa cha choo cha stendi: 95. Alianza na kitasa cha chumbani, akakishika, kisha hakunawa. Nilikuwa nimekaa naye. Alitetemeka. Alisema hofu imefika 70, si 20 kama alivyokadiria. Baada ya dakika 10 ikawa 65. Baada ya dakika 40 akasema, "Kaka, ni 30, na sijafanya kitu." Nimeona mambo mengi maishani, lakini uso ule sitausahau.

Kwa kawaida ni vikao 12 hadi 20, na katikati ya vikao kuna kazi ya nyumbani ya kila siku. Hiyo kazi ya nyumbani ndiyo tiba yenyewe. Kikao ni mahali pa kupanga. Gharama yake ni muda, nauli na ujasiri. Wapo wanaokataa hata kuanza, na wapo wanaoacha katikati kwa kuwa wiki za kwanza hofu inapanda kabla ya kushuka. Usimcheke mtu wa namna hiyo. Unamwomba aguse moto anaouona yeye peke yake.

Udhaifu mkubwa wa njia hii kwa sisi wa nyanda za juu ni kwamba wanaoijua vizuri ni wachache. Wapo washauri wengi wema watakaomsikiliza mgonjwa, watamfariji, watamfundisha kuvuta pumzi, watamwambia "usiwaze hivyo". Kwa huzuni au msiba hilo linasaidia. Kwa OCD, faraja inaweza kugeuka ndoo nyingine: mgonjwa anakuja kila wiki kuhakikishiwa kwamba hana uchafu, anatoka na nafuu, inaisha kabla hajafika Kabwe. Kwa hiyo siku ya kwanza uliza: Je, tutapanga ngazi ya hofu? Je, atapewa mazoezi ya nyumbani? Je, na sisi wa nyumbani tutafundishwa la kufanya? Mtaalamu anayeijua kazi hii atafurahi kuulizwa.

Vidonge sasa. Vinavyotangulia ni vile vinavyoongeza kazi ya serotonini: fluoksetini, sertralini, fluvoksamini, paroksetini, esitalopramu. Kuna pia klomipramini, ya zamani zaidi, ambayo ndiyo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya OCD. Kwa wengi fluoksetini ndiyo rahisi kuipata. Huanza kwa miligramu 20 kwa siku, na kwa OCD daktari mara nyingi huipandisha taratibu, wakati mwingine hadi 60 au 80, kiwango kikubwa kuliko kile cha sonona. Sertralini huenda kati ya 50 na 200. Kupandisha ni kazi ya daktari, si ya mgonjwa wala ya muuza duka la dawa.

Jambo linaloharibu matibabu mengi ni haraka. Dawa hizi kwa OCD zinahitaji wiki 8 hadi 12 kabla hujasema zimeshindwa. Wiki mbili za kwanza unaweza kuona maudhi tu: kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kupaa, wasiwasi kuongezeka kidogo. Baadaye hamu na uwezo wa tendo la ndoa unaweza kupungua, na watu wanaacha dawa kimyakimya kwa aibu badala ya kumwambia daktari ambaye angeweza kubadilisha. Kijana aliye chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu mwanzoni, kwa sababu kwa baadhi yao mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Klomipramini inakausha mdomo, inafunga choo, inaleta usingizi, na inaweza kugusa mapigo ya moyo. Ikimezwa nyingi kwa mkupuo ni hatari sana, hivyo ndani ya nyumba iwekwe mahali pa kufungwa. Dawa nyingine yoyote unayotumia, hata ya maumivu kama tramadoli au ya malaria, itaje kwa daktari.

Mdogo wangu, kabla hatujafika mahali sahihi, alipewa diazepamu kwenye kituo kimoja, kisha amitriptilini kwenye kingine. Ninalisema kwa uchungu kwa sababu lilitugharimu miezi minane. Diazepamu inalaza hofu kwa saa chache, haigusi OCD, na mwili unaizoea. Amitriptilini ina kazi yake kwenye sonona na maumivu ya neva, lakini si dawa ya ugonjwa huu, ingawa kwa ukoo ni ndugu ya klomipramini. Haloperidoli peke yake nayo siyo. Mgonjwa akisema "nilimeza dawa hazikusaidia", muulize jina la dawa, kiwango na wiki ngapi. Mara nyingi utagundua kwamba tiba haijajaribiwa bado.

Zikipambanishwa moja kwa moja, matokeo yako hivi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliwagawa watu wazima 122 katika makundi manne kwa wiki 12. Waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 62 kwa mazoezi, 42 kwa klomipramini, 70 kwa vyote viwili pamoja, na 8 kwa vidonge visivyo na dawa. Tiba ilipositishwa, watafiti haohao waliendelea kuwafuatilia walionufaika kwa wiki 12 nyingine: kati ya waliofanya mazoezi, wakiwa na dawa au bila dawa, asilimia 12 walirudiwa na ugonjwa, kati ya waliotegemea dawa peke yake, asilimia 45. Waliofuatiliwa walikuwa wachache, kwa hiyo usizishike namba hizo kama sheria, lakini mwelekeo wake unafanana na tafiti nyingine. Kwa watoto na vijana wa miaka 7 hadi 17, utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba waliofika mahali pa kukaribia kupona kabisa walikuwa asilimia 54 hivi kwa sertralini pamoja na mazoezi, 39 kwa mazoezi, 21 kwa sertralini.

Kwa mizani hiyo, na kwa niliyoyaona nyumbani, mazoezi ndiyo ninayoyaweka mbele pale yanapopatikana kwa mtu anayeyajua. Vidonge ninavipa heshima kubwa mahali pawili: pale ugonjwa ulipo mkali kiasi kwamba mgonjwa hawezi kusimama hata kwenye kidato cha kwanza cha ngazi, na pale mtaalamu wa mazoezi hayupo. Kidonge kinaishusha hofu kutoka 95 hadi 60, na kwenye 60 mtu anaweza kufanya kazi. Mdogo wangu alitumia vyote. Mwezi wa kwanza hakuweza kitu; fluoksetini ilipoanza kushika, ndipo kitasa kikawezekana.

Ukiamua vidonge, amua pia kuvimeza muda mrefu. Madaktari wengi hushauri angalau mwaka mmoja baada ya kupata nafuu, kisha kupunguza polepole. Hapa fluoksetini ina faida ambayo mtu wa Chunya au Makete ataithamini: inakaa mwilini siku nyingi, hivyo ukichelewa kufika dukani kwa siku moja mbili mwili haushtuki sana. Paroksetini haisamehi hivyo. Ukiikatisha ghafla utapata kizunguzungu na mwili kama unapigwa shoti.

Maombi, sheikh, padre, mganga

Sisi ni watu wa ibada na sitaki kuandika kana kwamba imani haipo. Tofauti iko kwenye namna inavyotumika. Mdogo wangu alipelekwa kuombewa, akatoka na amani, akakaa siku mbili. Kisha akaanza kuuliza kama maombi "yalishika", akataka kurudi, akataka mchungaji yuleyule, saa ileile. Maombi yenyewe yakawa ndoo ya nne. Mganga alikuwa vivyo hivyo, na zaidi ya hapo alitupa orodha ya masharti ya kutogusa hiki na kile. Kumpa mwenye OCD masharti mapya ni kumwagia petroli kwenye moto.

Lakini dini zenyewe zilishaujua ugonjwa huu zamani. Waislamu wana neno wasiwasi kwa anayerudia udhu bila kumaliza, na kanuni ya kifiqhi kwamba yakini haiondolewi na shaka: ukiwa na hakika umetawadha, shaka tupu haiuvunji udhu wako. Ignasi wa Loyola, mtakatifu wa Wakatoliki, alipokuwa Manresa mwaka 1522 aliteswa na hofu kwamba hajaungama vya kutosha, na muungamishi wake akamwamuru asirudie tena dhambi za zamani ila zile zilizo wazi kabisa. Zisome tena kanuni hizo mbili uone: zinamkataza mtu kuitii shaka. Kiongozi wa dini anayekwambia "umeshasali, inatosha, hata kama moyo unakataa" anashirikiana na tiba. Mzungumze naye kabla, aelewe kwamba mgonjwa akirudi mara ya tatu kuuliza swali lilelile, upendo ni kutolijibu.

Ndani ya nyumba yako

Hii ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyeniambia mapema. Kuongeza maji, kujibu "ndiyo, kufuli limefungwa" mara ishirini, kuvua viatu na nguo mlangoni kwa sababu yeye anataka, kumfungulia milango asiguse vitasa: yote hayo ni matendo ya OCD yanayofanywa kwa mikono ya watu wasioumwa. Nyumba yetu nzima ilikuwa inaumwa. Baba alikuwa anaoga akitoka kazini kabla hajasalimia watu.

Kosa la pili ni kugeuka ghafla. Wiki moja nilifunga bomba na kuficha ndoo. Alilia usiku kucha na akapoteza imani kwangu. Ilichukua muda kuirudisha. Tulichofundishwa baadaye ni kupunguza kwa makubaliano, yeye akiwa ameketi nasi mezani. Swali la kufuli: wiki hii tutajibu mara tano kwa siku, wiki ijayo mara mbili, kisha hapana. Na tukakubaliana maneno ya kusema badala ya jibu: "Hilo ni swali la ugonjwa, mdogo wangu. Nakupenda, silijibu." Mwanzoni alikasirika. Baadaye aliniambia kwamba sentensi ile ilimsaidia kuona wapi yeye anaishia na ugonjwa unaanzia.

Nani achague nini

Chukua dereva wa lori anayepanda Kitonga kuelekea Tunduma. Kila gurudumu likigonga shimo anawaza amemgonga mtu, anageuza gari kurudi kuangalia, mzigo unachelewa, tajiri anafoka. Vikao vya kila wiki mahali pamoja hawezi kuvihudhuria. Kwake ningeanza na kidonge kisicholeta usingizi mwingi, fluoksetini kwa mfano, cha kumeza asubuhi, na ningeiepuka klomipramini kwa mtu aliyeshika usukani. Mazoezi anaweza kuyafanya kwa simu akiwa amepaki Makambako: kupita shimo, kutogeuza, kutoangalia kioo mara ya pili, kutompigia mwenzake kuuliza kama kuna ajali imetangazwa. Barabara yenyewe ndiyo ngazi yake.

Mama aliyejifungua, yuko Rungwe, picha za kumdhuru mtoto zinamjia akimenya ndizi, amevificha visu vyote. Kwake mazoezi ndiyo ya kutangulia, na kama dawa itahitajika, sertralini hupita kidogo sana kwenye maziwa. Daktari ataamua naye. Msimnyang'anye mtoto. Kumwondolea mtoto ni kumthibitishia kwamba ni muuaji, wakati anayetishwa namna hiyo na wazo halitaki. Ila jueni hali nyingine tofauti kabisa: mama anayesikia sauti, anayesema mtoto si mtoto bali ni kiumbe kingine, asiyelala siku kadhaa na haoni kuwa kuna tatizo. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mtu yeyote anayesema anataka kujiua.

Mwanafunzi wa chuo Iringa mwenye ugonjwa wa kiasi, aliye karibu na mtaalamu, aanze mazoezi peke yake na ajipe miezi mitatu. Mtoto wa shule ya msingi, vilevile mazoezi, na mzazi akae ndani ya kikao.

Pa kuanzia ni kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa: Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kwa wa Mbeya, Songwe na jirani zao, au hospitali ya rufaa ya mkoa kwa wa Iringa na Njombe. Mirembe ya Dodoma ndiyo hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, na kwenda huko hakumfanyi mtu kuwa kichaa. Kama fedha ni shida, pitia dirisha la ustawi wa jamii kabla hujakata tamaa. Nenda na karatasi. Andika mawazo yanayomjia, matendo anayoyafanya, saa zinazopotea kwa siku, dawa zote alizowahi kumeza na kwa muda gani. Sisi tulisema "ana wasiwasi na halali", tukapewa dawa ya wasiwasi na usingizi. Siku tuliposema "ananawa kwa muda wa saa mbili kila asubuhi kwa sababu anaamini atamuua mama yake", daktari aliweka kalamu chini na kumgeukia.

Mdogo wangu sasa anasoma Iringa. Bado anameza fluoksetini, na bado kuna wiki mbaya, hasa wakati wa mitihani. Julai iliyopita alikuja likizo. Asubuhi ya kurudi chuoni alinawa mara moja kwa maji yale ya Uyole, akafuta mikono, akabeba begi. Mlangoni akasimama. "Kaka, kufuli la chumbani nime..." Akajikatiza mwenyewe. Nikanyamaza. Tukatembea mpaka barabarani kusubiri basi, mikono yake ikiwa ndani ya mifuko ya sweta kama ya watu wengine wote.